Leseni Iliyokula Shamba

Siku kaka yangu alipomkata baba kwa panga, nilikuwa nimeshasoma udaktari miaka mitano na kumaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, lakini kisheria bado sikuruhusiwa kumtibu mtu peke yangu. Ulibaki mtihani wa leseni. Kuufanya ni ada, kusajiliwa ni ada nyingine, na safari ni nauli na malazi. Nami nilikuwa nimerudi nyumbani Kibingo, nakula ndizi za mama, sina mshahara.

Tangu nilipoingia chuo, baba alikuwa akiuza shamba kipande kwa kipande. Kilichobaki ni kahawa ya bondeni, na kila mtu alijua kuwa ile ni ya kaka. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, akapalilia, akachuma, akasukuma magunia kwa baiskeli mimi nikiwa darasani. Baba aliiuza bila kumwambia.

Asubuhi ile kaka alishuka bondeni akawakuta watu wa mnunuzi, familia ya wafugaji, wanapanda omuramura, mmea wetu wa kuonyesha mpaka. Hakugombana nao. Alianza kufyeka migomba iliyokuwa katikati ya kahawa. Ukimwona mkulima wa kwetu anakata mgomba wenye mkungu mchanga, jua ameshapita hatua ya maneno.

Mimi na mama tulikuwa uani tunamenya ndizi, baba amekaa kando yetu, kaka alipopanda juu. Panga lilikuwa limelowa utomvu.

"Shamba langu liko wapi?" alimuuliza baba.

"Kaa chini, mwanangu, tuongee."

"Tuongee nini? Huyu anasoma, mimi nalima. Anasoma, nalima. Kazi ataanza lini?"

"Bado mtihani mmoja tu," baba akasema.

Nilimwona kaka akilipokea lile neno "bado". Uso wake ulitulia kabisa, kisha mkono ukapanda. Panga lilikuwa linakwenda kichwani. Baba akakinga kwa mkono wa kushoto, nami nikasikia mlio kama wa kuni mbichi zinazopasuliwa. Damu iliruka mpaka kwenye sufuria ya ndizi.

Nilivua kitenge, nikakifunga juu ya kiwiko cha baba, nikapitisha mwiko na kukikaza mpaka damu ikapungua. Mama alikuwa anapiga nduru. Kwetu nduru ikilia kila anayeisikia hukimbilia, na asiyekuja ataulizwa sababu. Wakaja na fimbo, wengine na mipini ya majembe. Kaka alikuwa amesimama palepale akiutazama ule mkono, kana kwamba aliyekata ni mtu mwingine. Akaliachia panga likaanguka. Halikumsaidia kitu kuliachia. Pigo la kwanza lilimvunja taya.

"Anaua mzazi! Mmalizeni!"

"Mwacheni!" baba alilia pale chini. "Ni wangu huyo!"

Hakuna aliyemsikia. Walimpiga kama watu wanaopura maharage, kila mmoja akisubiri zamu yake. Nilimwambia mama, "Shika huu mwiko, usiulegeze," nikajitupa juu ya kaka. Fimbo iliniangukia begani. Mkono ukaja kunivuta, nikaung'ata kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa wa mzee wa kanisa letu. Alipiga ukelele, akanitazama, akaona damu yake mwenyewe kwenye meno yangu. Fimbo yake ikashuka, na za wengine zikafuata.

Pikapu ya mnunuzi ndiyo iliyotubeba, baba na kaka wamelazwa ubavu kwa ubavu. Kituo cha afya kilikuwa na tabibu mmoja tu siku hiyo.

"Nani kafunga huu mkono?" aliuliza.

"Mimi. Ni daktari. Yaani, leseni bado."

"Basi hapa wewe ni ndugu wa wagonjwa, dada. Nawa mikono, umshike baba asitikisike."

Nilimshika. Majeraha kama yale nilikwisha kuyashona mengi hospitalini, chini ya macho ya wakubwa wangu, na sasa nilikuwa natazama sindano ikiingia na kutoka katika nyama ya baba yangu, mikono yangu haina ruhusa. Tabibu alikuwa sahihi. Angeweza kupoteza kazi. Hata hivyo nilitamani kumng'ata na yeye.

Vidole viwili vya baba havikunjiki tena. Kaka alipoteza jicho, akapelekwa mahabusu akiwa bado na bandeji. Polisi walipokuja kuchukua maelezo, baba aliwaambia ameangukia panga lake mwenyewe, na akakataa kubadilisha neno. Kesi ikafa. Nami nilikwenda kufanya mtihani kwa pesa ile ile ya kahawa ya bondeni, kwa kuwa haikuwezekana kuirudisha. Nilifaulu.

Kaka aliporudi alinikuta kibarazani. Nilimwamkia. Aliitikia, akakaa mbali kidogo.

"Hiyo leseni yenyewe," alisema mwishowe, "ikoje?"

Niliingia ndani nikamletea. Aliisogeza karibu na jicho lake zima, akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, kaka. Na inalipiwa upya kila mwaka."

Alianza kucheka, akalishika taya kwa maumivu, akaendelea kucheka, mpaka mama akatoka jikoni kutazama kuna nini.