Mshale Uliogoma Kupanda

Nyinyi wajukuu mnaobonyeza kitufe nyumba ikapata joto, someni hili kabla ya kusema bibi yenu ana maneno mengi. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne Unguja, mapinduzi yakatukuta, tukahama. Mambo ya London nimejifunza kwa kuumia.

Mwaka mmoja tulifunga nyumba majira yote ya baridi. Mimi na mume wangu na binti yetu mdogo tulikwenda Unguja kwenye msiba wa shemeji yangu, tukakaa miezi mitatu. Mwanangu na mkewe mjamzito wakahamia kwa mkwewe, Woolwich. Jirani alitutisha kwamba mabomba yataganda yapasuke, basi mume wangu akafunga maji na kuyamwaga yote, mpaka yaliyomo kwenye redieta, yale mabati ya moto ukutani.

Tulirudi Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi mwanangu akapiga simu kutoka hospitali. Mtoto wao aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate wa boflo, ameruhusiwa kutoka. Woolwich hawezi kwenda, watoto wa kule wana tetekuwanga.

"Mama, nesi anauliza, nyumba ina moto? Kama haina, hawamtoi."

"Ina moto," nikasema, nami nimevaa koti na soksi mbili jikoni kwangu. "Alasiri mleteni."

Mume wangu akafungua koki kuu, maji yakaingia. Kisha akajibana chini ya ngazi, kwenye kabati la boila, ule mtambo unaochemsha maji ya redieta. Kazi yake ilikuwa kufungua kibomba kidogo cha kujazia, mpaka mshale wa presha ufike penye kijani. Binti yetu alimshikia tochi na kumsomea kitabu.

Mimi niliposikia maji yamerudi, nikafanya ninavyojua. Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, na maji nani anajua yatakatika saa ngapi? Nikafungua bomba la jikoni, la bafuni na la beseni. Ndoo, masufuria, bafu lenyewe, vyote nikaanza kujaza.

"Umepanda?" nikapiga kelele.

"Haujapanda!"

"Basi someni vizuri!"

Binti akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kitabu kinasema ufike kwenye kijani.

"Kijani nakiona!" baba yake akafoka. "Mimi nauliza mshale! Boila hii imekufa."

"Imekufa au hujui? Si ulijifanya fundi ukamwaga maji? Yarudishe."

"Njoo ujibane humu wewe, bibi mwenye boila."

Saa nzima ikapita hivyo. Fundi tuliyempigia simu alisema ana nafasi Jumatatu. Mwanangu akapiga tena. Nesi anataka uhakika, na mkewe analia, hataki kumwacha mtoto hospitali alale peke yake. Nikamjibu kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake. Nikatamani kuipiga ile boila kwa mwiko.

Nikamtuma binti juu akalete taulo, baba yake ameloa magoti. Akakuta bafu limejaa nusu, bomba linatiririka, ndoo zimepangwa hadi kwenye ngazi. Akasimama. Siku ile ndiyo nilimsikia akisema Kiswahili mara ya kwanza.

"Mama, maji ya boila unayachota wewe."

"Usinifundishe maji mie!"

Alifunga la bafuni, la beseni, akashuka akafunga la jikoni.

"Unapanda!" mume wangu akapiga kelele kabatini. "Wee, unapanda!"

Alipotoka akaziona ndoo. "Bibi wee, unafungua duka la maji?"

Mshale ukafika penye kijani, boila ikawaka. Tulizunguka na kiufunguo kutoa hewa kwenye redieta, zikakohoa, zikagonga, na ilipofika adhuhuri nikaweka mkono nikauondoa haraka. Nikampigia mwanangu, nikamwambia amlete mtoto. Kisha nikawaita wawili wale ukumbini.

"Kuanzia leo, maji yakirudi, asifungue mtu bomba mpaka boila imekamata. Hata mkiniona nafungua mimi, njooni mfunge."