Mita Kumi na Mbili Nukta Tano

Tangu Jumanne mkasi wa Mamie ulikuwa chini ya godoro la Célestine. Bila mkasi ule Mamie hakuwa na kazi, na ndivyo Célestine alivyotaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Emery, mumewe, alimwachia chumba kitupu hapo mtaani Berea, akaondoka hata na cherehani yake ya kwanza. Tangu siku hiyo, mtu akimchekea, yeye humtazama mikono kwanza.

Wanawake hao wawili walishona sare za kwaya. Mamie, aliyesoma, alinunua vitenge kwenye maduka ya Fordsburg na kuvikata. Célestine, ambaye hakukanyaga darasa, alishona. Tarakimu alizijua kwa ajili ya simu, basi. Lakini karatasi za duka alizitunza zote ndani ya kopo la maziwa. Mwezi uliopita, kwa magauni manne, karatasi ilisema mita 12.25. Mwezi huu, kwa magauni manne yale yale, 12.5. Ishirini na tano imekuwa tano! Jumapili angemweleza Mama Murielle, mkubwa wa kwaya, amfukuze mwizi.

Alhamisi binti yake, Carmel, alirudi na kazi ya shule: kila mtoto atunge hesabu ya maneno yenye nukta, kutokana na mambo ya kwao.

"Tunga ya mwizi wa kitenge," Célestine akamwambia, akamwaga kopo lote mezani.

Carmel akaandika: Mama ana mita 12.5. Gauni moja linakula mita 2.75. Akishona manne, zitabaki ngapi? Halafu akaongeza sifuri baada ya ile tano, ikawa 12.50. Célestine akamdaka mkono. Alikumbuka biskuti ambazo Mamie humletea huyu mtoto.

"Na wewe amekununua?"

"Sifuri haiongezi kitu, Mama. Nukta tano ni nusu mita. Nukta ishirini na tano ni robo."

Nusu na robo Célestine alizijua. Aliuza unga Uvira miaka saba. Kumbe mwezi huu Mamie alileta kitambaa kingi zaidi. Hakukubali upesi. Jibu la Carmel lilikuwa mita 1.5, naye Célestine akatoa kitambaa kilichobaki baada ya magauni manne, na uzi wake wenye fundo kila nusu mita. Mafundo matatu. Akaanzia ncha nyingine. Matatu. Akaushuku uzi wenyewe, akaazima futi ya jirani. Moja na nusu.

Célestine akachukua mkasi na ile futi, akabisha chumba cha mwisho cha korido, alikokaa Mamie. Mamie alifungua mlango nusu, akaiona futi mkononi mwake.

"Umepima?"

"Nimepima, dada. Mara tatu. Nilikukosea."

Mamie akaupokea mkasi, akaufungua, akachunguza makali yote mawili polepole, kisha akageuza mpini atafute alama yake, kama ni ule ule.