Mama Stakabadhi na Mlango Uliolia

"Hivi wewe jirani, simu nayo inalipa ushuru?"

Swali hilo Mama Stakabadhi aliulizwa asubuhi moja akiwa ameinamia beseni la nguo. Aliyeuliza ni fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke anayeshinda na sindano mdomoni hata watu wakashangaa anaongeaje bila kuimeza.

"Simu italipaje ushuru?" Mama Stakabadhi akacheka. "Ina meza sokoni?"

"Nimeuliza tu. Yule muuza viatu aliyekuwa ubavuni kwangu amehama, sasa anauzia chumbani kwake. Anapanga viatu juu ya godoro, anavipiga picha, vinaondoka. Kwangu unapita na kitabu chako kila siku. Kwake hupiti."

"Nipite chumbani kwa mwanamume na kitabu? Mume wangu atasemaje?"

"Atasema ukate risiti mbili."

Mama Stakabadhi alicheka peke yake njia nzima ya kwenda kazini. Lakini alipofika sokoni lile swali lilikuwa limemtangulia, limekaa linamsubiri.

Alikuwa mtoza ushuru wa soko lile kwa miaka ishirini na sita. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Sokoni wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Stakabadhi, kwa sababu hakuwahi kupokea hela ya mtu bila kumpa karatasi yake. Hata yule mwenye haraka aliyesema "acha tu mama, nenda nayo" alifuatwa na karatasi mpaka mlangoni mwa choo.

Alikuwa na utaratibu wake. Alianzia kona ya vitunguu na kumalizia mashine za kusaga, na kila mezani alianza na salamu, akafuatia na hali ya mgonjwa wa nyumbani kama yupo, ndipo ushuru ukaja. Watoza ushuru vijana walimtania kwamba yeye hatozi, anatembelea wagonjwa. Naye aliwajibu kwa upole, "Nyinyi mnamaliza mapema halafu mnarudi mara tatu. Mimi nikipita nimepita."

Asubuhi hiyo, swali la jirani likiwa sikioni, aliliona soko kama mgeni. Juu ya meza ya muuza viatu kulikuwa na paka amelala. Kwenye meza ya vipodozi pamebaki ndoo iliyopinduliwa. Ya vyombo vya plastiki imebaki misumari mitupu. Paka hakatiwi risiti, akawaza, na safari hii hakucheka.

Hakucheka kwa sababu ya chumba cha watoto.

Chumba hicho kiko nyuma ya ofisi ya soko. Zamani kilikuwa stoo ya mizani mbovu, mpaka wanawake wa sokoni walipoomba wapewe mahali pa kulaza watoto wao wachanga badala ya kuwalaza juu ya magunia. Mama Stakabadhi mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioomba, na kitinda mimba wake alitambaa mle ndani. Kina mikeka, dirisha la wavu na mlezi mmoja, na vyote hivyo vinalipiwa na ushuru wa soko. Tena kina mlango wa bati. Ukiusukuma leo hutausikia, lakini siku hizo bawaba zake zililia kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Mama mmoja akiingia kunyonyesha wake, waliolala wote wanaamka, na mlezi anaanza upya kubembeleza kumi na wawili.

Alikuwa amekwisha kumwendea fundi wa halmashauri kumwomba mafuta ya bawaba. Fundi hakuinua hata kichwa.

"Mama, kile chumba kiko kwenye orodha. Vilivyo kwenye orodha hatuvigusi."

"Orodha gani, baba?"

"Ya kufungwa. Ushuru umeshuka. Robo mwaka ijayo ikiwa hivi hivi, mlezi anaenda nyumbani na ufunguo unarudi kwangu."

Alitaka kuupaka ule mlango mafuta yake ya kupikia, mlezi akamzuia. "Dada, ile ni mali ya halmashauri. Tutaambiwa tumeuharibu, ndiyo iwe sababu yenyewe."

Basi siku ya swali la jirani, alipomaliza mzunguko wake, alipanda ngazi mpaka kwa mweka hazina, kijana mstaarabu mwenye tabia ya kuzungusha kalamu vidoleni.

"Mwanangu, nimeleta swali la jirani yangu. Simu inalipa ushuru?"

Kalamu ikasimama. "Mama yangu, madiwani wamekaa siku mbili na hilo swali hawajaliuliza. Keti."

Akamweleza polepole. Ipo sheria mpya ya kodi ya mtandao. Mtu akinunua kitu kwa simu, kodi inakatwa papo hapo kwenye malipo na kwenda serikali kuu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema fungu moja la kodi lirudishwe kwenye halmashauri ya mahali mzigo unapopokelewa, kufidia ushuru uliopotea masokoni.

"Basi tumepona," akasema Mama Stakabadhi.

"Tungepona. Fungu letu la robo iliyopita halikutosha hata wino wa mashine ya kuchapia. Wenzetu ng'ambo ya daraja wamepata mpaka wamepaka rangi nguzo za taa."

"Kwani wao wananunua kuliko sisi?"

"Karatasi zinasema hivyo. Watu wetu hawanunui kwa simu, mama. Labda ni waoga."

Mama Stakabadhi hakubisha. Mtu ambaye kazi yake ni karatasi habishani na karatasi. Lakini moyo wake ulikataa. Watu wa kata yake, waoga wa kununua? Mtaani kwake hazipiti siku mbili bila kusikia pikipiki ya vifurushi. Alishuka ngazi akiomba kimoyomoyo, kama alivyozoea kuomba kila anapokwama: Mungu wangu, kama kuna kitu nakipita bila kukiona, nionyeshe, na uyahurumie macho haya.

Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo, juu ya pikipiki. Dereva alisimama kwa fundi cherehani akamkabidhi kifurushi cha mkasi na bobini. Mama Stakabadhi, ambaye hawezi kuona karatasi akaacha kuisoma, akainama akasoma ile iliyobandikwa juu. Mahali pa kupokelea: Stendi Kuu.

Stendi Kuu iko ng'ambo ya daraja, na ng'ambo ya daraja ni halmashauri nyingine. Ila tangu wazee wao wangali vijana, kila kitu kilichotoka mbali kilishukia pale, awe mgeni, iwe barua, uwe mzigo. Kwa hiyo mtu wa mji ule akiulizwa na mtu wa mbali anakaa wapi, hujibu "hapo Stendi", hata kama kwake ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Na huku kwenye geti la soko alikuwapo wakala wa vifurushi, ana mwaka sasa, analipa ushuru wa meza kila siku, na mezani hakuna kitu ila kiwiko chake. Mizigo ilishukia Stendi, ikavushwa daraja kwa pikipiki, ikampita wakala puani.

"Kwa nini umeandika Stendi?" Mama Stakabadhi akamuuliza jirani yake.

"Niandike wapi? Simu imeniuliza napokelea wapi."

"Unapokelea hapa mlangoni, tena umevaa kandambili."

"Haya, jirani. Kila mtu anaandika Stendi. Hata wewe."

"Mimi?"

"Hiyo miwani ilitoka wapi?"

Mama Stakabadhi akaketi kwenye kizingiti. Akatoa simu, akatafuta taratibu kwa kidole kimoja, akaona. Stendi Kuu. Yeye, mtoza ushuru wa miaka ishirini na sita, aliyemfuata mtu mpaka chooni na risiti, alikuwa ameivusha daraja kodi yake mwenyewe.

"Miwani ya kusomea risiti zangu," akasema, "imewapakia watu wa ng'ambo rangi kwenye nguzo zao za taa."

Jirani alitoa sindano mdomoni ili acheke vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza mtaani kuuona mdomo ule mtupu.

Kuanzia kesho yake, utaratibu wa Mama Stakabadhi ukaongezeka hatua moja. Salamu, mgonjwa, ushuru, kisha: "Hebu nionyeshe, simu yako inadhani unakaa wapi?"

"Mama Stakabadhi, sasa unatoza mpaka simu?" aliuliza muuza vitunguu, ambaye mapacha wake walikuwa wamelala kule nyuma.

"Sitozi. Kodi umekwisha kukatwa, nataka irudi hapa. Andika kata yetu, soko letu, au hao mapacha warudi kwenye magunia yako."

Muuza vitunguu aliandika kabla sentensi haijaisha.

Kwa muuza viatu alikwenda na fundi cherehani awe shahidi, mume asije akasema. Kijana alipoona kitabu cha risiti alianza kujitetea na kiatu kimoja mkononi. "Mama nimekosa, nilikuwa nakuja mwenyewe ofisini."

"Hujakosa kitu, mwanangu. Viatu vyako ukivipeleka kwa wateja wa hapa hapa mjini, wanaandika wapi?"

"Stendi," akasema yule kijana, na alipolitamka ndipo akalisikia.

Jioni ile aliwaandikia wateja wake wote. Watoza ushuru vijana walitania wiki nzima, wakisema Mama Stakabadhi amehamia idara ya posta, halafu mmoja mmoja wakaanza kuuliza na wao. Waliokataa walikuwapo. Mama mmoja wa karibu na mashine za kusaga alihofia birika lake la umeme litapotea njiani. "Likipotea njoo kwangu," akaambiwa, na kweli likapotea. Mama Stakabadhi alilifuata Stendi kwa miguu siku yake ya mapumziko. Kule mtoza ushuru wa upande wa pili akamuuliza mbona vifurushi vya kwao vimepungua siku hizi.

"Vimekuja nyumbani," akajibu, kwa sababu hajui kudanganya, akachukua birika akaaga.

Baada ya wiki sita wakala wa getini aliomba meza ya pili. Akakatiwa risiti mbili.

Robo mwaka ilipoisha, mweka hazina alimwita ofisini. Walikuwapo madiwani wawili na fundi wa halmashauri, aliyeitwa kurekebisha feni. Mweka hazina hakuwa na kalamu mkononi, alikuwa na karatasi, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto aliyefaulu. Fungu la kodi ya mtandao lilikuwa limerudi kubwa mara tisa ya lile la kwanza. Lilitosha mshahara wa mlezi kwa mwaka, likabaki.

Diwani mmoja akasafisha koo. "Mama, halmashauri inataka kukushukuru. Tumesikia umebakiza miaka mitatu ustaafu. Kama ni kiti cha ofisini, kama ni simu mpya, sema. Omba lolote lililo ndani ya uwezo wetu."

Mama Stakabadhi alitazama mezani. Orodha ya vitu vya kufungwa ilikuwa bado iko pale, chini ya kiwiko cha diwani, na hakuna aliyeitaja. Akamtazama fundi juu ya ngazi yake, mtu asiyegusa kitu kilicho kwenye orodha. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena.

"Naomba mafuta kidogo ya bawaba za mlango wa chumba cha watoto. Unawaamsha."