Fahali wa Josho

Leo nimepita duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ikanirudisha kwenye josho letu kule Mwala.

Tulikuwa tumeona Wahispania kwenye televisheni ya betri, wamevaa nyeupe, wakikimbia mbele ya mafahali katika sherehe yao. Mtangazaji akasema ukianguka, usiinuke. Kesho yake mimi na kaka yangu tukavaa mashati meupe ya shule, tukangoja pale ng'ombe hutoka joshoni wakiwa wamelowa.

"Wewe msichana utalia tu," kaka akanicheka.

"Tutaona nani atalia!"

Fahali wa babu akatoka amekasirika. Tukatimua vumbi. Karibu na ua wa miiba nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi. Nikatulia vile vile. Kwato zikatikisa ardhi, matone baridi ya dawa yakaniangukia mgongoni, kisha fahali akapita.

Nyanya, tuliyemwita susu, akaja mbio. "Uui! Mtoto wangu amekufa!"

"Sijakufa, susu. Kaka ako wapi?"

Alikuwa juu ya ua, miiba imemshika kaptura, analia akiita jina langu.

Hadi leo, harufu ile ikinipata, natembea nimenyoosha mgongo.