Golikipa Niliyempa Ukapteni

Mume wangu ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, na kwa miaka kadhaa sasa yeye na wenzake wanacheza fantasi. Ni mchezo wa kwenye simu. Unapanga kikosi chako kwa kuchagua wachezaji halisi wa ligi ya Uingereza, na wanachofanya uwanjani mwisho wa wiki ndicho kinachokupa pointi. Mmoja wao unamteua kuwa kapteni, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Kwenye ligi yao wenyewe ya simuni walikuwamo mafundi, wachuuzi wa dagaa na ofisa mmoja wa forodha aliyeianzisha. Mwanamke hakuwamo hata mmoja, mpaka nilipoomba kuingia.

Niliomba kwa sababu nilichoka kusikia watu nisiowajua wakijadiliwa mezani kwangu kila Ijumaa. Mume wangu alinisajili huku akitabasamu, kisha akanionyesha washambuliaji ambao kila mtu anao. Nilimuuliza, kama wote tuna watu walewale, tutapitana wapi kwa pointi? Akasema nisijitaabishe, niwachukue tu, wanafunga.

Nina saluni ndogo Ujiji. Siku moja mchana, wateja wakiwa hawajaja, nilikaa nikasoma sheria za mchezo kuanzia mwanzo. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba golikipa hupata pointi kwa mipira anayoiokoa. Nilirudia kusoma hapo. Nikaweka simu chini nikatazama nje.

Mimi nilikuwa golikipa. Nimezaliwa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na uwanja wetu wa shule ulikuwa mchanga mtupu. Timu yetu ya wasichana ilikuwa dhaifu. Tulipanda boti kwenda kucheza na shule nyingine, tukafungwa, tukapanda boti kurudi. Siku nzima nilikuwa naruka huku na huku, viwiko vimechubuka, na tukifika nyumbani swali lilikuwa moja tu: mmefungwa mangapi? Nilizoea. Lakini sikuwahi kusikia mtu akiuliza niliyazuia mangapi, na sikujua kwamba mahali fulani duniani kuna watu wanaoyahesabu.

Basi nikamtafuta golikipa wa timu mbovu. Nilimpata kwenye timu iliyokuwa imepanda daraja msimu uleule, na karibu hakuna aliyekuwa amemchagua. Nilitazama vipande vya mechi zake. Alikuwa mfupi kidogo kwa kazi ile, lakini hakukimbilia kuanguka. Alimsubiri mpigaji ajiseme mwenyewe. Nikamchukua. Wengine nao nikawaokota kwa mtindo huo: beki wa kushoto anayepiga kona, kiungo anayekaba ambaye hatajwi na watangazaji, mshambuliaji aliyetoka kuumia na watu wakamsahau. Wale mastaa nikawaachia wenyewe.

Kikosi changu kilipoonekana kwenye simu zao, mume wangu alirudi na habari kwamba wenzake wanakiita mitumba. Alinieleza kwa upole, kana kwamba ananiandaa kwa msiba. Nilimwambia mitumba mizuri huvaliwa na anayejua kuchagua. Nikaendelea kukoroga chai.

Mwanzoni nilikuwa wa mwisho. Kisha nikaanza kupanda, polepole, bila kelele. Wao walipanda pamoja na kushuka pamoja, kwa kuwa walikuwa na watu walewale. Mimi kila nilipopata, nilipata peke yangu. Ilipokaribia mwisho wa msimu nilikuwa nawafuata kwa karibu mume wangu na yule ofisa wa forodha.

Ndipo ikafika wiki ambayo golikipa wangu angekutana na timu yenye mshambuliaji mrefu ambaye ligi yetu nzima ilikuwa imempa ukapteni. Ijumaa jioni mume wangu aliniuliza kapteni wangu ni nani. Nikamtajia.

"Golikipa hapewi ukapteni, mke wangu," alisema. "Watakucheka mpaka Krismasi."

"Atapigiwa mipira mingi," nikamjibu. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Hakubishana. Akasema kama nimeamua, basi twende wote kibandani kuangalia.

Kibanda chenyewe kiko karibu na wanapopakua dagaa: mabenchi, turubai, televisheni moja. Wanaume walinisogelea kunisalimu, "Karibu, shemeji," wakanipisha kiti cha mbele. Mechi ilianza na ikawa kama nilivyotarajia. Timu ya golikipa wangu haikutoka golini kwake. Golikipa alidaka, akapangua, akagongana na nguzo, akainuka. Mabega yangu yalikuwa yanauma kana kwamba ni mimi ninayeruka.

Kipindi cha pili mwamuzi akatoa penalti. Kibanda kizima kilisimama, na mshambuliaji mrefu akauweka mpira. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikitazama nyonga yake, kama nilivyokuwa nikitazama zamani pale mchangani, na nikaona imegeukia kushoto. Golikipa wangu naye aliona. Aliruka akaupangua ukatoka nje.

Kisha ofisa wa forodha akafungua simu yake, akaitazama kwa muda, akageuka nyuma kuwaambia wenzake:

"Shemeji anaye huyu kipa. Na ndiye kapteni wake."

Mechi iliisha bila bao. Mume wangu, ambaye penalti ile ilikuwa imemharibia wiki, alisimama katikati ya kibanda akawaambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kumsikia akikisema mbele za watu: kwamba mke wake alidaka mpira Kagunga, kwa mikono mitupu, na wanaotaka kujifunza wamwamkie kwa heshima. Nilitazama chini, lakini nilikuwa natabasamu hadi masikioni.

Jioni ile nilikwenda kileleni na sikushuka. Nilimaliza msimu nikiwa wa kwanza. Hakukuwa na zawadi yoyote. Jina langu lilikaa juu ya majina yao, basi, na mimi nililitazama kila asubuhi kabla sijafungua saluni.

Msimu uliofuata golikipa wangu alinunuliwa na timu kubwa. Ligi nzima ikamchagua, na mume wangu akiwamo. Nilifurahi kwa ajili ya golikipa yule, nikamwacha aende. Kwenye timu kubwa angesimama tu akitazama wenzake wakishambulia. Nilianza upya kupekua timu za chini, na mume wangu siku hizi hunichungulia begani kuona ninamtazama nani. Ninageuza simu.