Mashetani Sabini na Wawili Kwenye Rosta ya Alhamisi

Nianze kwa kukiri kabisa, maana nikizungukazunguka mtanicheka mara mbili: mimi Mwanaidi, mtoto wa Tanga, niliyehitimu madrasa na kupewa zawadi ya mswala, ndiye niliyewapangia zamu mashetani sabini na wawili katika kampuni ya ulinzi hapa Doha, nikawagawia vituo, na mmoja wao nikamuidhinishia jozi tatu za viatu. Hata sasa nikikumbuka najifunika shuka usoni, hata nikiwa peke yangu.

Kazi yangu ni rosta. Nakaa ofisini Al Sadd napanga walinzi, nani mchana, nani usiku, kituo gani, basi la saa ngapi, na kazi hii ukiifanya miaka mitatu inakuharibu kichwa, nikiona njiwa wawili dirishani najiuliza yupi anampokea mwenzake. Na mwezi ule ilikuwa imeniharibu zaidi kwa sababu ya likizo. Nimeposwa na Bakari, kijana wa kwetu, harusi ilishaahirishwa mara mbili kwa kuwa likizo yangu ilikataliwa mara mbili, na sababu ni ileile: hakuna watu. Mister Hisham, meneja wetu, Mmisri mwenye moyo mzuri sana ambao hautumii saa za kazi, kila siku ananiambia makao makuu wameahidi kundi jipya la walinzi, "wakifika tu, Mwanaidi, inshallah wewe wa kwanza." Miezi saba hawafiki. Shangazi yake Bakari akanitumia salamu kwamba harusi ya tatu ni Jumapili ijayo, na bibi harusi asipotokea, wao wana mtoto wa kiume wa kuoza, hawana mtoto wa kuchumbia hewa. Nililia siku nzima.

Sasa chumbani kwetu, Al Thumama, naishi na Wanjiru wa Nakuru, yeye yuko mapokezi ofisi hiyohiyo. Wanjiru ni mlokole wa kufunga na kuomba, ila simu yake ilimletea video za karata za taroti, zile za Wazungu za kubashiria, na huko akajifunza kwamba karata thelathini na sita kati ya hizo, kila moja ina mashetani wake wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Karata zenyewe hana (nani azipitishe uwanja wa ndege wa hapa, unataka kulala ndani?), ana daftari tu, ambalo mwandiko wake ni fujo tupu, mishale huku, majina kule.

"Dada, hii maneno imenichanganya," akaniambia, "huyu shetani Furfur ni wa karata ya vikombe nane ama ya vikombe tisa?"

"Wa mchana au wa usiku?" nikauliza.

Hapo ndipo nilipopotea, jamani. Mtu mwenye akili angesema audhubillahi akageukia ukutani. Mimi nikasikia mchana thelathini na sita, usiku thelathini na sita, kila mmoja na karata yake, nikamwambia Wanjiru hii mbona ni rosta, lete hilo daftari.

Jumanne saa ya chakula nikafungua fomu ya kampuni. Mahali pa jina nikaweka shetani. Mahali pa kituo nikaweka karata kwa kifupi, V8 kwa vikombe nane, P7 kwa panga saba (na vituo vyetu vinaandikwa hivyohivyo, herufi na namba). Mahali pa maelezo nikaandika kwa Kiingereza safi maana ya karata na sifa za mhusika: panga saba ni wizi na ujanja, shetani wake wa mchana ni Gaap, anahamisha watu nchi hadi nchi kwa dakika moja. Namba za kazi fomu ikajaza yenyewe. Ikatoka nzuri, nikaitazama kama mtu anavyotazama kitambaa alichokidarizi mwenyewe, nikaihifadhi kwenye faili la Alhamisi ili baada ya kula nimtumie Wanjiru, kisha niifute. Nikaenda kula biriani.

Nilisahau kitu ninachokijua kuliko jina langu, kwamba saa nane kamili karani wa usafiri anachukua chochote kilichomo kwenye faili lile na kukituma kwa wote: meneja, stoo, jikoni, mabweni.

Narudi na kijiti cha meno mdomoni, Mister Hisham amesimama mezani kwangu anatabasamu, na mimi sijawahi kuyaona meno yake ya juu.

"Sabini na wawili," anasema. "Makao makuu wametuletea sabini na wawili na hakuna aliyeniambia. Majina haya ni ya wapi, Madagaska?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo nikiwa na ukweli tayari ulimini, nataka kusema bosi, hayo si majina ya watu. Akanitangulia.

"Khalas, Mwanaidi. Likizo yako imepitishwa. Ijumaa unapanda ndege."

Nikaufunga mdomo.

Msinihukumu. Nilimwona Bakari, nilimwona mama yangu na deira alilolishona harusi ilipopangwa mara ya kwanza na sasa linambana, nikasema moyoni kesho nitasema. Kesho yake ikawa mbaya zaidi, maana Mister Hisham kwa furaha alikuwa amewapa likizo na wengine kumi na mmoja, na watu wameshaanza kufunga maboksi, mablanketi na vyungu vya umeme, kila ninayepishana naye ananibariki.

Halafu akaja Bahadur, Mnepali wa stoo, mtu makini kupita kiasi, na karatasi mkononi.

"Sister, huyu Buer, maelezo yanasema ana miguu mitano. Ni kosa la kuchapa?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Hilo neno dogo tu. Lakini muongo akishaanza anaona kila kitu ni mtego, nikajiuliza nikisema hili ni kosa, si atauliza na mengine?

"Si kosa," nikamwambia.

Bahadur akatoa kalamu. "Basi nimpe jozi mbili na nusu?"

"Mpe tatu," nikasema. "Moja itabaki ya akiba."

Akaandika, nikaweka sahihi. Mpaka leo karatasi ile ipo stoo. Na yule wa usafiri naye akapita kuomba Gaap apelekwe kwake, kwani amesoma kwamba ni dereva mwenye uzoefu wa nchi nyingi.

Alhamisi saa kumi jioni tukakusanywa uani kwenye mabweni, walinzi wote wasio na zamu, tuwapokee wageni. Mara mbili basi lilirudi kutoka uwanja wa ndege tupu, na Mister Hisham akaamua labda wageni walishaingia wenyewe, wamejichanganya na sisi, kwa hiyo atasoma majina. Alisoma kwa sauti ya gwaride. "Bael." Kimya. "Agares." Kimya. "Marbas." Walinzi wanageuza shingo kuangalia nani ataitika, mimi jasho limefika kwenye soksi. Alipofika kwa Furfur akalitamka vibaya, na kutoka nyuma nikasikia sauti ya Wanjiru, Mungu amsamehe, inamsahihisha.

Mister Hisham akainua kichwa. "Wewe unawafahamu hawa?"

"Kwa majina tu, bosi," akasema Wanjiru. "Si kwa sura."

Mzee Juma, dereva wetu wa basi, Mpemba wa makamo ambaye hana haraka na jambo lolote, alikuwa ameegemea mlango wa basi lake tupu. Akaomba karatasi, akavaa miwani, akasoma maelezo kimyakimya: vichwa vitatu, mkia wa nyoka, miguu mitano. Akaikunja vizuri akaniletea mimi, si meneja.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hawa nishawafuata uwanja wa ndege mara mbili. Nambie kweli, nilikwenda kumchukua nani?"

Pale nikashindwa. Nikasema mbele ya watu wote, huku nalia, kwamba ni mashetani ya kwenye karata, hakuna kundi jipya, sikusema kwa sababu ya harusi yangu. Uwanja mzima ukarudi nyuma hatua mbili kwa pamoja, isipokuwa wale kumi na mmoja, wao walisogea mbele. Macho yao ndiyo yaliyoniumiza. Mmoja, dada wa Uganda, aliuliza taratibu, "Kwa hiyo siendi?" Swali hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, si miguu mitano.

Sikupelekwa polisi. Kumpeleka mtu wa mashetani huko kungemlazimu Mister Hisham aeleze kwa nini yeye mwenyewe aliwaagizia chakula na vitanda. Aliichana orodha vipandevipande, akafuta likizo zote kumi na mbili, na akanipa kazi ya kwenda chumba kwa chumba kuomba radhi. Nilikwenda. Vyumba viwili havikunifungulia.

Kisha nikampigia Bakari nimwachilie huru atafute wa karibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, na habari ya Buer nilimwambia, akacheka mpaka simu ikamwanguka. Halafu akasema, "Walii wako wa kukuozesha ni baba yako, yupo. Mimi nipo, shekhe yupo, mashahidi tele. Idhini mpe baba yako kwa simu. Shangazi mwachie mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili baada ya Alasiri, baba akaniozesha msikitini Tanga, na mimi niko Al Sadd napanga zamu za Jumatatu, hina sina, udi sina, mbele yangu nafasi wazi nne sina wa kumweka. Nimeapa: orodha yoyote ya mchana na usiku, kabla sijashika kalamu, nitauliza kwanza kama wahusika wana pasipoti. Kundi jipya halijafika. Mume ninaye, likizo sina.