Sauti ya Waya Adoyo

Juzi nilikuwa hotelini Homa Bay nikinywa chai, kijana mmoja akaimba redioni. Alipofika mwisho wa mstari aliikata sauti ghafla, akanyamaza kidogo, kisha akalimalizia neno chinichini, karibu kunong'ona. Mtangazaji akamsifu: eti mtindo huo wanamuziki wetu waliurithi kwa mwimbaji wa soul wa Marekani. Nilitamani kuitupa ile redio dirishani. Mkato ule ulitoka Muhuru, kwenye majabali ya kuanikia omena, dagaa wa ziwa letu, kooni mwa shangazi yangu.

Tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada wa baba. Jina lake Adoyo. Miaka hiyo ya sitini mumewe alikufa maji, na shemeji zake wakataka mmoja wao amrithi. Akakataa. Alirudi kwa baba yangu na godoro lake kichwani, na tangu siku hiyo watu hawakuacha kumsema.

Sokoni palikuwa na duka la Mzee Salimu, mtu wa Mombasa, mwenye gramafoni. Alipenda mno santuri moja ya mwanamke mweusi wa Marekani. Tukienda kuuza omena, Waya alitua karai mlangoni akasikiliza. Kiingereza hakujua hata chembe.

"Huyu mama anasema nini?" aliuliza.

"Anamwambia mwanamume asimfanye mjinga," alijibu Mzee Salimu, akicheka.

Waya hakucheka.

Naikumbuka vizuri santuri ile. Yule mama aliimba moja kwa moja, bila mkato wowote. Mkato aliuweka Waya mwenyewe, alipoanza kutunga maneno yake ya Kijaluo huku akigeuza omena juani: mimi si jembe, niachiwe ndugu wa marehemu. Wanawake wenzake waliacha kazi wakamtazama. Mimi, miguu imejaa magamba ya samaki, niliona ni mchezo mtamu kuliko yote.

Jumapili moja aliimba hivyo hivyo kwenye kwaya. Mzee wa kanisa akapiga meza.

"Adoyo, kaa chini! Hii ni nyumba ya Mungu, si kilabu cha pombe!"

Waya alimkazia macho, akaimba mpaka ubeti wa mwisho, ndipo akaketi. Walimfukuza kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Baba yangu alikuwa benchi la mbele. Aliinama akafunua kitabu cha nyimbo.

Baadaye akaja kijana wa gita kutoka Kisegi. Alishinda naye majabalini siku nyingi. "Mama, hebu rudia hapo," alikuwa akisema, na Waya, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwomba arudie chochote, alirudia. Msimu ukapita, tukamsikia kijana huyo kwenye redio ya Mzee Salimu. Sauti ilikuwa ya Waya, pamoja na mkato wake. Lakini aliimba kuhusu msichana mrembo aliyemwacha akilia.

Nilirukaruka. "Waya, wimbo wako huo!"

"Si wangu," alisema. "Amechukua sauti, ameacha maneno."

Akainua karai, tukaenda zetu.

Wengine walimwiga yule kijana, na wengine wakawaiga hao, mpaka leo kila mwenye gita ukanda huu wa ziwa anakata sauti hivyo, na wote wanalilia mapenzi. Hakuna anayemtaja Adoyo. Hata mazishini mwake, kwaya ile ile iliyomfukuza ndiyo iliyoimba, tena vibaya.

Utotoni niliamini alikuwa akimlilia mumewe. Ndivyo watu wazima walivyosema: maskini mjane, ana majonzi. Ilibidi nikue, nami niambiwe nikae chini mbele ya watu, ndipo nikamwelewa. Waya hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yake wameigeuza muziki wa kubembelezea wasichana.